Haki ya Kukaa Tu

Kila mwisho wa mwezi kuna mjadala unaozuka kwenye kikundi cha WhatsApp, mara tu mtu anapouliza form ya Jumapili ni gani. Mmoja anapendekeza mkahawa fulani Kilimani, mwingine anatuma picha ya menyu, halafu anatokea yule msee wa hesabu. Mayai mawili, soseji, viazi na kikombe cha kahawa kwa ngiri moja na soo tano? Kwani kuku alisomea ng'ambo? Si tununue trei nzima tupike kwa nyumba?

Kwa upande wa chakula, msee wa hesabu ameshinda. Hakuna yai Nairobi linalostahili bei hiyo. Lakini angalia vile meza yenyewe hutumika. Mbogi ya watu watano inafika saa tano asubuhi na kuondoka saa tisa. Kula kumechukua nusu saa. Muda wote uliobaki watu wamekaa tu: wanacheka, wanasengenya, wanapangana, mmoja analia kidogo kuhusu kazi, wengine wanamnyamazisha. Wanacholipia ni kiti, kivuli, na ruhusa ya kutofukuzwa. Na katika mji huu, ruhusa hiyo ina historia ndefu, na sehemu zake zina damu.

Tuanze na jina. Neno lenyewe, ambalo nitaliandika branchi kwa sababu hata hoteli na baiskeli zilikuja hivyo hivyo, lilichapishwa Uingereza mwaka wa 1895. Mwandishi Guy Beringer aliandika makala katika jarida la Hunter's Weekly akiomba kwamba mlo mzito wa Jumapili baada ya kanisa uachwe, na badala yake watu wakutane karibu na adhuhuri kwa mlo mwepesi zaidi. Hoja yake moja ilikuwa kwamba waliolewa Jumamosi usiku wangepata kulala. Nyingine ilikuwa kwamba mlo huo unakufanya uongee, unakutoa kinyongo cha wiki. Yaani tangu mwanzo, branchi haikuwa na uhusiano mkubwa na mayai. Ilikuwa kuhusu watu wenye muda.

Mwaka huo huo wa 1895, mwezi wa Julai, Uingereza ilitangaza Himaya ya Afrika Mashariki. Hapo ambapo leo kuna Nairobi palikuwa na kinamasi na maji baridi ambayo Wamaasai walinyweshea ng'ombe. Reli ilifika mwaka wa 1899, na mji ukaanza kwa mahema na mabati. Hoteli hazikukawia. Mayence Bent alianzisha Stanley mwaka wa 1902. Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka wa 1904, na walowezi walizoea kukutana pale kwa wingi hadi ikapewa jina la utani la Jumba la Malodi. Waingereza wenye muda walikuwa wamefika, na walikuja na veranda zao.

Sasa, Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachotusaidia kuelewa mji huu kuliko ramani yoyote. Kukaa ni kuketi, na kukaa pia ni kuishi. Ukiuliza mtu "unakaa wapi?", hujamuuliza kiti chake kiko wapi. Unamuuliza kwao pale mjini. Serikali ya kikoloni ilitaka Mwafrika afanye kazi Nairobi. Kukaa, kwa maana zote mbili, ndiko ilikokataa.

Maana ya pili ilikataliwa kwa sheria na kwa matofali. Mwanamume Mwafrika alivaa kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, chini ya sheria ya 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Sheria za uzururaji zilimruhusu askari kumkamata yeyote asiyeweza kueleza shughuli yake. Nyumba za Eastlands, nyingi zake, zilipangwa kwa ajili ya mwanamume mmoja na kitanda chake. Hakukuwa na mpango wa mke, wala watoto, wala rafiki anayekuja Jumapili. Mtaa wa Pangani, ambako Waafrika walikuwa wamejijengea nyumba zao wenyewe, ulibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930.

Maana ya kwanza, ile ya kuketi, ilikataliwa kimyakimya zaidi. Hoteli kubwa hazikuhitaji bango. Mwafrika aliingia akiwa na trei mkononi au hakuingia. Na alipotaka kuburudika, manispaa ilimpa mahali pake: tangu miaka ya 1920 ilijipa haki ya kuwauzia Waafrika pombe katika ukumbi wake wa Pumwani, na faida ikasaidia kulipia huduma za Waafrika hao hao. Ulikunywa pale ulipowekewa, ukijilipia mtaa wa kutengwa.

Mkutano wa damu wa hizi Nairobi mbili, ile ya veranda na ile ya kusimama, ulikuwa tarehe 16 Machi 1922. Harry Thuku, karani aliyepinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa ya wanawake, alikuwa amekamatwa siku mbili kabla na kufungiwa katika kituo cha polisi kilicho karibu na Norfolk. Maelfu walikusanyika nje wakitaka aachiliwe. Wazee walipoanza kuwaambia watu warudi nyumbani, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume na kuwachochea wanawake wasonge mbele. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kufa. Masimulizi ya siku ile yanasema walowezi waliokuwa wamekaa verandani Norfolk walijiunga kufyatua risasi. Serikali ilihesabu waliokufa 21. Wengine walisema ni wengi zaidi ya hao.

Ukipita Harry Thuku Road leo, hoteli bado iko pale, na barabara ina jina la yule mfungwa. Ni vizuri kujua hilo kabla ya kuagiza.

Lakini watu hawakungoja kualikwa. Walijitengenezea meza zao. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni, anaonyesha jinsi wanawake wa Pumwani na Pangani walivyouza vitu ambavyo mji haukumpa mfanyakazi: chai, chakula, maji ya kuoga, mazungumzo, na wengine kitanda pia. Serikali iliwaita malaya na kuishia hapo. Ila ukitazama kwa makini utaona kwamba chumba cha mwanamke mmoja mwenye birika kilikuwa mahali ambapo kibarua angeweza kukaa chini na kuitwa kwa jina lake.

Upande wa River Road na Bazaar Street, Wahindi walifungua maduka na hoteli ndogo. Reli ilikuwa imeleta vibarua takriban 32,000 kutoka India; wengi wao walirudi, wafanyabiashara wakaja kwa njia yao, na jikoni ikabaki na chapati, sambusa na chai iliyopikwa pamoja na maziwa. Kutoka pwani kulikuja mahamri na mbaazi. Ndiyo sababu mpaka leo Mkenya ukimwambia twende hoteli, haoni lifti na taulo nyeupe. Anaona benchi, chapo, madondo, na chai kwenye kikombe cha bati. Neno la watu wa verandani lilichukuliwa na watu waliofungiwa nje, likapewa kazi nyingine.

Na tulikuwa tayari na mlo wa katikati. Kiamshakinywa kiko, chamcha iko, na kati yao kuna chai ya saa nne. Shule ina chai ya saa nne, ofisi ina chai ya saa nne, hata mjengo una mama anayefika na ndoo ya uji na maandazi saa hiyo hiyo. Tofauti yake na branchi ni saa tu, kwa maana ya ile inayohesabiwa: chai ya saa nne ina mwisho. Kengele inalia, msimamizi anapiga kelele, unameza haraka na kurudi. Ni kupumzika kwa kibali. Branchi haina kengele, na ndiyo maana babu zetu, waliojua chai vizuri kabisa, wasingeitambua.

Ukuta wa hoteli ulianza kupasuka pole pole. Mwaka wa 1946 kulianzishwa United Kenya Club, mahali ambapo Waafrika, Waasia na Wazungu wangeweza kula pamoja kila wiki. Leo hii kula lanchi na mtu si habari. Wakati ule lilikuwa jambo la kuundia klabu. Waliohudhuria walikuwa wachache na wasomi, na hata wenzao waliwatilia shaka pande zote. Miaka minane baadaye, Jumamosi tarehe 24 Aprili 1954, jeshi lilizingira mji katika Operesheni Anvil. Zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walisombwa na kuzuiliwa, wengine wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road. Kwa hivyo katika muongo mmoja ule ule, Mwafrika mmoja angeweza kuwa anakula supu na hakimu, na ndugu yake akawa anaketishwa chini barabarani mikono kichwani. Hiyo pia ni namna ya kukalishwa.

Mwaka wa 1959, New Stanley ilifungua mkahawa wa Thorn Tree, nje, chini ya mgunga ambao wasafiri walibandika ujumbe kwenye shina lake. Kufikia wakati huo ubaguzi wa hotelini ulikuwa unaporomoka, na uhuru ulipofika mwaka wa 1963, mlango ukawa wazi kwa yeyote mwenye pesa. Hapo ndipo utani ulipoanzia. Kizuizi cha rangi kiliondoka, bei ikabaki mlangoni.

Pia hofu ilibaki. Jumapili tarehe 2 Machi 1975, J. M. Kariuki, mbunge aliyewasema matajiri wapya waziwazi, alionekana mara ya mwisho akiwa hai akitoka Hilton pamoja na maafisa wa polisi. Mwili wake ulipatikana Ngong. Miaka ya 1980 ikaja na Nyayo House na vyumba vyake vya chini, na Nairobi ikajifunza kuongea kwa nusu sauti. Waliokuwa vijana wakati ule watakuambia: ulikaa baa, mtu usiyemjua akavuta kiti karibu na gazeti lake, nanyi mkaanza kuzungumzia mpira. Uliza wazazi wako. Wale tunaodhani hawapendi siasa mezani, wengine walifundishwa hivyo na viti vya jirani.

Kwa wanawake kulikuwa na hofu ya ziada. Mwanamke aliyekaa baa au hotelini bila mwanamume alihesabiwa kuwa anatafuta mmoja. Askari wa jiji angeweza kumkamata kwa kuzurura. Sheria ya uzururaji, mrithi wa zile za mkoloni, ilifutwa mwaka wa 1997, ila mazoea hayafutwi bungeni. Kwa hiyo unapoona leo wanawake sita kwenye meza moja mchana kweupe, hakuna mume, hakuna arusi, hakuna kamati ya mazishi, wanacheka mpaka meza ya jirani inageuka, usiseme ni mambo ya Instagram tu. Picha wanapiga, sawa. Lakini mama zao wengi walihitaji sababu ya kukaa pamoja: chama, kanisa, matanga. Hawa wamekaa bila sababu.

Mkahawa wa aina hii, ambapo unakaa bila kusukumwa, ulienea Nairobi baada ya 1999, pale Java House ilipofungua tawi lake la kwanza Adams Arcade. Hapo kuna kinaya kidogo. Kahawa ilipandwa Bura, Taita, na wamisionari Wakatoliki mwaka wa 1893. Kwa miongo kadhaa walowezi walihakikisha mkulima Mwafrika haruhusiwi kuipanda, isipokuwa kidogo Meru, Embu na Kisii tangu miaka ya 1930, mpaka mlango ulipofunguliwa zaidi baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Hata baada ya hapo, iliyo bora ilisafirishwa ng'ambo, na sisi tukanywa chai. Mkikuyu angeweza kuchuma kahawa maisha yake yote na asiwahi kuionja ikiwa imechujwa vizuri. Mjukuu wake anaagiza kikombe kwa bei ambayo bibi angeilinganisha na malipo ya debe zima, na ana haki ya kushtuka akiijua hesabu hiyo.

Kisha mwaka wa 2007 ikaja M-Pesa, na bili ikawa rahisi kugawana. Mmoja analipa, wengine wanamtumia. Hapo zamani tajiri wa kikundi ndiye aliyekaa kichwani mwa meza na kuamua wote watakula nini. Kuchanga kumempunguzia cheo, ingawa bado kuna yule anayesema atatuma jioni na mpaka leo hajatuma.

Halafu kuna Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013. Ilikuwa karibu na adhuhuri, saa yenyewe ya branchi, washambuliaji wa al-Shabaab walipoingia Westgate. Watu walikuwa wamekaa kwenye mkahawa wa mbele, watoto walikuwa kwenye shindano la mapishi juu. Waliouawa walikuwa 67. Miongoni mwao alikuwa Kofi Awoonor, mshairi wa Ghana, aliyekuja Nairobi kwa tamasha la fasihi. Walioshambulia walichagua mahali na saa ambapo watu wamelegea kabisa, wamenyoosha miguu, hawajajilinda.

Jengo lilifunguliwa tena Julai 2015, na watu wakarudi. Wakati ule wengine waliona ni ukaidi, wengine wakasema ni starehe kusahau haraka. Mimi naona kitu kingine. Mji ambao kwa miaka zaidi ya mia ulipigana kuhusu nani anaweza kukaa wapi haukuwa tayari kuacha kiti kwa sababu ya bunduki. Tangu hapo tunapekuliwa mlangoni, tunapita kwenye mashine, tunafungua mikoba. Tumezoea. Ila mlango ukishakuwa na mtu wa kuamua, maswali ya zamani hurudi kwa urahisi. Mwaka huo huo wa 2015, mwezi wa Machi, mkahawa mmoja Kilimani uligonga vichwa vya habari baada ya gazeti kuripoti kwamba Waafrika walikuwa wanakataliwa kuingia jioni. Kelele ilikuwa kubwa, na kaunti ikaufunga kwa kukosa leseni. Miaka 51 ya uhuru, na bado neno "leseni" ndilo lililofaa kwenye karatasi.

Sasa turudi mezani, tuangalie aliyesimama. Yule anayekuletea mayai aliamka saa kumi, akapanda matatu mbili au akatembea, na kwa saa nane hatakaa. Mikahawa mingi haimruhusu kuketi mbele ya wateja hata ikiwa tupu. Nje, mlinzi amesimama. Kando ya ua, anayeuza njugu amesimama akiangalia kama kanjo wanakuja. Nairobi ile ya kusimama haijaisha. Imesogezwa kidogo tu, na safari hii tulioketi ni sisi.

Sisemi hivyo ili mtu ajione vibaya na kuacha kula. Acheni bakshishi, na mkiweza muwe na adabu, lakini bakshishi haijengi kiti. Kinachojenga ni kukumbuka kwamba kukaa bure kulipiganiwa pia. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa umma na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka wa 1906, na mwaka wa 1991 kulipotokea mpango wa kuijenga, familia yake na wakazi waliupinga. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alitukanwa bungeni na kwenye mikutano kwa kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Jengo halikujengwa. Waliomkejeli walidhani anapigania miti. Alikuwa anapigania pia mahali ambapo mtu asiye na ngiri moja na soo tano anaweza kulaza mgongo kwenye nyasi Jumapili na asiulizwe anafanya nini hapo.

Pale Jeevanjee, kwa miaka mingi, watu wa Bunge la Mwananchi wamekutana kwenye mabenchi kubishana kuhusu nchi. Hakuna menyu. Mwenye njugu anazungusha, mwenye gazeti anasoma kwa sauti, na ukitaka kuondoka unaondoka. Jumapili moja mwezi huu, kabla form haijafika Kilimani, mbogi inaweza kuanzia hapo. Bebeni chai kwenye thamosi na mahamri. Benchi litatosha watu watano mkisongeana, na ikiwa kuna mtu tayari amekaa, msalimieni kwanza.